Wimbo Ulioanziwa Chini

Mume wangu hakujua kuanzisha wimbo. Nalisema hili kwa mapenzi, na wote waliosali naye jumuiyani wataniunga mkono. Alikuwa na sauti ya besi, nzito, na kila Jumamosi tulipokusanyika kusali nyumbani kwa mmoja wetu, yeye ndiye aliyeanzisha. Alianzia chini mno. Sisi wanawake tulibaki tunaitafuta sauti huko chini, huyu anakohoa, yule anacheka ndani ya khanga. Nilimgombeza njia nzima ya kurudi nyumbani. Yeye alijibu, "Mnyasa wangu, Mungu anasikia hata huko chini."

Mimi ni mtu wa Lundo, nimekulia kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa. Aliponioa na kunipandisha huku milimani, upande wa Mbinga, kwenye baridi na kahawa, nilidhani sitamaliza mwaka. Nililia kwa hamu ya samaki wetu, mbasa wa kuchoma, kuliko nilivyomlilia mama. Kilimo cha huku nacho kilinishinda. Wamatengo hulima ngolo. Mwanamume hufyeka majani, yakikauka anayatandaza mlimani kwa mistari inayokatana, yakawa miraba miraba. Mwanamke hufuata nyuma na jembe, huchimba udongo katikati ya mraba na kuyafukia majani pamoja na maharage. Shamba hubaki na mashimo kila mahali, na mvua ikinyesha maji hutulia humo badala ya kukimbia na udongo. Miaka yote hiyo niliuona mgongo wake mbele yangu, ameinama, anatandaza huku anavumisha nyimbo za kwaya. Nami nafukia. Nikiitazama ndoa yetu sasa, naona sehemu kubwa ilikuwa hiyo.

Kisha akaugua. Jumuiya ilisali, novena juu ya novena, nami nilipiga magoti mpaka yakaota sugu. Akafariki. Msibani watu waliniambia Mungu amempenda zaidi, nikajiuliza kimoyomoyo kama kuna aliyepima mapenzi yangu. Baada ya arobaini nikaacha kusali. Sikuacha kuamini, ningeacha kuamini ningepumzika. Nilimnunia Mungu, kama unavyomnunia mtu mnayekaa naye nyumba moja. Jumapili kengele ikilia najifanya nina shughuli na kuku. Na bado nilikuwa na njaa ya sala, njaa hasa. Nilikuwa nikifungua mdomo nikasema "Baba yetu", halafu nakwama hapo hapo. Nilitamani nirudi kuwa yule mke aliyekuwa akikohoa na kucheka katikati ya wimbo, na sikujua njia ya kurudi.

Msimu wa maharage ulipofika niliingia shambani peke yangu. Hakuna shemeji aliyejitokeza, wala siwalaumu sana. Huku mwanamume akionekana anamtandazia mjane majani, kabla hajafika mwisho wa mstari kijiji kimeshawafungisha ndoa. Nikafyeka mwenyewe. Kwa kuwa nilikuwa na hasira na sikutaka kumwuliza mtu kitu, nikalima kama kwetu kwenye tambarare: matuta marefu yaliyonyooka, kutoka juu mpaka chini. Nikayatazama, nikajisifu. Mvua ya mchana mmoja tu iliteremsha udongo na mbegu zote hadi kwenye kahawa ya jirani. Nilisimama na jembe langu, matope mpaka magotini, nikamwita mume wangu kwa sauti kubwa. Mungu sikumwita.

Mwaka uliofuata zamu ya jumuiya kusali kwangu ikawadia. Nikamwendea mwenyekiti wa jumuiya, bibi mmoja mkali ambaye naye ni mjane wa siku nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Mama, Jumamosi mnipite tu. Kwangu siku hizi hakuna wa kusali."

Hakunihubiria. Aliendelea kuchambua maharage yake.

"Shamba umeshafyeka?"

"Bado."

"Basi hatuji nyumbani. Tutakuja shambani."

Wakaja na nyengo zao, yale mapanga yaliyopinda, wanaume kwa wanawake, wakafyeka. Jumamosi iliyofuata, majani yamekauka, wakarudi kutandaza. Bibi aliwapanga wanaume wapokezane, kila mmoja mistari michache kisha anampisha mwenzake. "Asije mtu akasema majani haya ni ya fulani," alisema, na mashemeji zangu wakacheka kwa aibu, wakainama. Nikaitazama migongo ile mingi mbele yangu. Hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Nilimtamani pale kuliko siku tuliyomzika.

Miraba ilipokuwa tayari, wanawake tukashika majembe. "Tuanze kwa wimbo," bibi akasema.

Hakuna aliyeanzisha. Watu wakatazama chini. Jirani yangu aliniegemea akaninong'oneza, "Huwa hivi kila Jumamosi, dada. Tunamsubiri kwanza aanzishe."

Kumbe muda wote ule sikuwa peke yangu kumsubiri. Nikafungua mdomo, na wimbo ukatoka. Ulitoka chini, chini kabisa, pale pale alipokuwa akianzia yeye. Wanawake wakahangaika kuitafuta sauti. Mmoja akakohoa. Mwingine akaficha uso kwenye khanga, na nikajua anacheka. Nami nikacheka, machozi yananitiririka, wala sikuupandisha wimbo.

Tulipomaliza kuimba niliinama nikaanza kufukia mraba wa kwanza. Jembe likiingia udongoni nikajisikia nasema, "Baba yetu uliye mbinguni," na safari hii sikukwama. Nilisali hivyo hivyo nikichimba, mpaka amina. Kisha nikainua uso kuutafuta mgongo wake mbele yangu, kwa mazoea.