Bega la Radi na Misumeno Miwili

Mkata miti huyu alizaliwa akapewa jina kama watu wote, ila lile jina lilikwisha kazi zamani. Hata mkewe akipiga simu ofisini huuliza, "Radi yupo?" Alilipata siku alipoangusha mti mmoja kando ya barabara, ukatua kwa kishindo mpaka kuku wa mtaa wa pili wakaacha kutaga kwa wiki nzima. Hayo ya kuku aliyaongeza mwenyewe baadaye, na kila mwaka idadi ya kuku ilipanda.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkataji wa kwanza katika karakana ya mbao, yaani yeye ndiye aliyepewa shina, na wengine wakagawana matawi. Na kwa miaka yote hiyo alikuwa na imani moja: msumeno wa mnyororo ni uzito. Msumeno mwepesi, alisema, ni wa kukatia kucha. Mwenzake akija na mashine ndogo, Radi aliinyanyua kwa vidole viwili, akaisogeza sikioni kama anayesikiliza saa, kisha akauliza kwa huruma, "Haya, na mama yake yuko wapi?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa huyo bwana wa maneno alikuwa na siri. Tangu mvua zilizopita bega lake la kulia lilikuwa limegoma. Mkono ukifika usawa wa sikio ulikwama kama droo iliyovimba. Asubuhi mkewe ndiye aliyemvalisha shati, na kazini akihitaji kitu kilichoko rafu ya juu alijifanya hakitaki tena. Hakumwambia mtu. Aliyekuwa mkataji wa kwanza kabla yake alikuwa bado yupo palepale karakanani, akifagia vumbi la mbao, na Radi alipopita karibu naye alitembea haraka, kana kwamba ufagio unaambukiza.

Basi msumeno mkongwe wa karakana ukafa, safari hii kifo cha kweli, na Meneja akaitisha kikao cha kuchagua mwingine.

Meneja alikuwa mtu msafi. Buti zake za kazi zilikuwa na mwaka wa tatu na bado zilikuwa na harufu ya dukani. Kuhusu kukata, hakuna aliyewahi kumwona akikata hata kitunguu, lakini karatasi alizijua. Mezani palikuwa na misumeno miwili iliyoletwa na muuzaji kwa majaribio: mmoja mkubwa, ambao wafanyakazi walishauita Dume kabla hata haujatolewa kwenye boksi, na mwingine wa kati, ambao haukuitwa chochote. Meneja alikuwa amechora jedwali lenye safu za nguvu, uzito, na utii mkononi. Mwishoni aliongeza safu ya nne: sura.

"Nguvu," alisoma. "Dume, injini ya cc mia na ishirini. Huyu mwingine, sabini."

"Hapo hatuna maneno," alisema shemeji.

Huyu shemeji alikuwa mdogo wake mke wa Radi, na pia mkataji wa pili. Kazi yake kubwa ilikuwa kusimama upande wa pili wa shina na kupigilia kabari kwa nyundo, Radi anapokata, ili mti uegemee unakotakiwa, kazi ambayo Radi mwenyewe hakuwahi kuishika. Kazi yake nyingine ilikuwa kumwabudu Radi.

"Uzito," aliendelea Meneja. "Dume, kilo kumi kasoro kidogo. Mwingine, kilo tisa kasoro kidogo. Kilo moja tu! Kilo moja ni nini? Ni mfuko wa sukari."

Radi alivitazama kwa jicho la pembeni vijitabu vya muuzaji, ambamo Meneja alitoa namba zake. Hesabu ile aliijua. Kijitabu cha Dume kilitaja mashine peke yake: bila ule upanga mrefu ambao mnyororo huzunguka juu yake, bila mnyororo wenyewe, bila tone la petroli. Kijitabu cha pili kilitaja mashine ikiwa na kila kitu chake, tangi limejaa. Tofauti haikuwa mfuko mmoja wa sukari. Ilikuwa mifuko mitano, na kila mfuko ungeninginia kwenye bega lake kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kusema kungekuwa rahisi. Lakini yeye, Radi, aulize habari za kilo?

"Mimi naona tufikirie petroli," alisema. "Dume anakunywa sana."

Shemeji akatoa macho. "Shemeji! Si wewe uliyesema mume asiyekula hawezi kulima?"

"Nilisema. Lakini moshi..."

"Ulisema moshi ni manukato ya mwanamume."

"Na vipuri?"

"Ulisema anayewaza vipuri kabla ya kununua ni kama anayenunua sanda kabla ya kuoa!"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Radi akacheka nao, kwani angefanya nini? Kila mlango aliotaka kutokea alikuwa ameshaupigilia misumari mwenyewe, tena kwa mbwembwe.

"Ingekuwa vizuri tuipime kwenye mizani," alijaribu mara ya mwisho, kwa sauti ndogo.

Meneja alivua miwani. "Radi? Wewe ndiye unayeuliza uzito? Unaumwa?"

"Natania, bosi."

"Nilijua." Na kwenye safu ya sura Meneja akampa Dume alama kumi.

Nyumbani mkewe alimkanda bega kwa maji ya moto, akasikiliza kisa chote bila kumkatiza.

"Baba watoto," alisema mwishoni, "mdomo wako ndio unaokuumiza. Bega ni shahidi tu. Kesho waambie."

"Nikiwaambia watanipa ufagio."

"Na usipowaambia? Mdogo wangu anasimama wapi ukiwa unakata?"

Radi akasema maji yamepoa. Mkewe akajua mazungumzo yamekwisha.

Kesho yake ikawa siku ya majaribio. Sasa, karakana ile ilikuwa na namna yake ya kujaribu misumeno. Gogo hulazwa juu ya vigingi usawa wa magoti, mtu husimama akakata kutoka juu kwenda chini, na Meneja hushika saa. Jaribio zuri sana, ila lina kasoro moja: msumeno mzito ukiwekwa juu ya gogo hushuka wenyewe. Uzito ndio unaokata, na binadamu yupo pale kuusindikiza tu. Dume lilimaliza kwa sekunde arobaini na moja. Msumeno wa kati ulimaliza kwa hamsini na nane. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akasema hata mlio wa Dume unaheshimika, na Meneja akaandika hivyo kwenye safu ya utii mkononi, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kuandika pale.

Radi alianza kupumua. Gogo lililolala alilimudu.

"Bado!" alipaza sauti shemeji. "Hatuwezi kumnunua Dume bila mwenyewe kumpanda. Kuna ule mti uliokauka nyuma ya banda. Shemeji auangushe leo, kwa heshima yake!"

Wakaenda wote nyuma ya banda kama wanaokwenda harusini. Mti ulikuwa mnene, na chini shina lilikuwa limemeza waya wa ua wa zamani, kwa hiyo ilibidi kukata juu ya waya, usawa wa kifua. Kukata usawa wa kifua maana yake ni kuulaza msumeno ubavu na kuubeba wote kwa mikono, hewani. Pale hakuna gogo la kukusaidia.

Radi aliutazama mti. Angeweza kusema. Watu kumi na wawili walikuwa wakimtazama kwa tabasamu, na mfagiaji naye alikuwa ameuegemea ufagio wake. Radi akavuta kamba.

Pengo la mbele, lile linaloelekeza mti uanguke wapi, alilikata kwa kuuma meno. Akazunguka nyuma kuanza mkato mkubwa. Shemeji akasimama upande wa pili, kabari mkononi, uso umejaa fahari. Mnyororo ukaingia kiganja kimoja, ukaingia viwili. Kisha bega likafanya kile lilichokuwa likiahidi tangu mvua zile. Liliachia. Halikuuma hata kidogo, lilitoweka tu, kama taa inayokatika. Kilo zote za Dume zikaangukia mkono wa kushoto, msumeno ukapinda, ukateleza kutoka kwenye mkato huku bado unanguruma, na ncha ya upanga wake mrefu ikapita kiganja kimoja kutoka kwenye paja la shemeji.

Radi akauzima. Dume likalala kwenye majani, likitoa moshi.

Meneja, ambaye hakupenda mambo yasiyo na safu kwenye jedwali, ndiye aliyeanza kusema.

"Mnyororo butu, sivyo? Hawa wauzaji bwana! Wanaleta mnyororo butu."

"Kweli kabisa, ni butu," watu wakaitikia haraka, wakishusha pumzi.

Ilikuwa zawadi kamili. Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa, na jina lake lingelala salama. Radi akamwangalia shemeji, aliyekuwa bado ameshika kabari lakini ameinama akilitazama paja lake, kama mtu anayehakikisha bado ni lake.

"Mnyororo ni mpya," alisema Radi. "Bega ndilo butu. Na ile karatasi yako, bosi, ina uongo. Mmempima mmoja akiwa uchi na mwingine akiwa amevaa, tena ameshiba."

Wakaleta mizani ya kupimia misumari. Dume, na nguo zake zote, lilikuwa kilo kumi na nne. Meneja akapima tena, akageuza mizani, akapima mara ya tatu. Watu wakaanza kulinyanyua mmoja mmoja na kulilaza ubavu usawa wa kifua. Fundi wa mbao alihesabu mpaka thelathini. Mwingine akafika ishirini na mbili, akasema angefika mbali zaidi lakini alikula kidogo asubuhi. Mashine iliyokuwa dume la heshima nusu saa iliyopita ikaanza kuitwa jiwe la kusagia.

Meneja akaondoka kwenda kuandika ripoti kwamba, baada ya uchunguzi wake wa kina, amegundua tofauti ya vipimo, na kwamba karakana itanunua msumeno wa kati.

Shemeji hakulinyanyua Dume. Alisubiri mpaka wengine walipopungua.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Dada anajua?"

"Anajua."

"Kwa hiyo mmejua wawili, na mimi ninayesimama chini ya mkono wako ndiye sikujua." Hakupaza sauti. "Miezi yote hii nimekuwa nikipigilia kabari huku naimba, shemeji."

Radi akalisogeza Dume kando kwa mguu.

"Nisamehe," alisema.

"Nitajaribu. Leo siwezi." Shemeji akauchukua msumeno wa kati, akakagua mafuta, akauvuta mara moja ukawaka. Akausogelea mti, akageuka. "Naumaliza mimi. Wewe njoo upande huu, upige kabari. Tumia mkono wa kushoto."

Mfagiaji, watu wa mbao, wote wakasimama kuona atakavyofanya. Radi akakunja mkono wa shati, akakung'uta vumbi kwenye suruali. Halafu akabaki amesimama, akizungusha macho kwenye majani, mpaka shemeji ikambidi apunguze mlio wa mashine.

"Nini tena?"

"Nyundo," alisema Radi. "Huwa mnaiweka wapi?"