Mume Wangu Alinyoosha Mkono

Mume wangu ni fundi wa mashine inayobonyeza bati likawa sufuria. Mimi nayafunga masufuria hayo hayo kwenye maboksi, kiwanda kimoja, chini ya paa moja. Yeye huitwa fundi. Sisi huitwa "nyie wa kufunga". Mshahara wake ni mara mbili ya wangu, na sijawahi kumnunia kwa hilo. Ufundi una bei yake. Lakini mwaka ule alipojifunza mashine bila malipo, alikula kwa vidole vyangu hivi, vilivyochanwa na kingo za bati.

Juzi meneja alituita sote uani. Nyongeza ipo, alisema, ila haiwatoshi wote. Mafundi wakikubali kuichukua peke yao, italipwa mwezi huu. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Mafundi walitazamana. Mume wangu hakugeukia upande wetu. Alinyoosha.

"Shemeji katuuza mchana kweupe," alisema mama mapacha, mwenzangu wa meza moja, "na hata bei hatukuulizwa!"

Wenzangu walicheka. Nami nikacheka, nisije nikalia.

Jioni mume wangu alileta nyama, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha kitu cha wizi. Watoto walishangilia.

"Mama watoto, ningekataa mimi, wangekubali wengine."

"Basi ungewaachia wao dhambi."

"Si hela inaingia humu humu ndani? Mkono mtupu haulambwi."

"Na wako ulipokuwa mtupu, nani aliulamba?"

Alikaa akichokoa grisi kwenye kucha, chakula hakukigusa. Mimi nilikula. Nilitaka nikose hamu, lakini nyama ilikuwa laini, nikaongeza. Jirani yetu upande wa pili wa ukuta naye ni wa kufunga, na harufu haizuiliwi na ukuta.

Jana asubuhi wenzangu walikaa chini sakafuni. Hakuna kufunga hata boksi moja mpaka tusikilizwe.

"Na wewe je, mke wa fundi?" aliuliza mama mapacha.

Nilikaa. Walisogea kunipa nafasi, lakini hakuna aliyeniegemea bega kama siku zote. Chumba cha pili mashine ya mume wangu iliendelea kugonga, na kila ilipogonga waliinamisha macho ili wasinitazame.