Ubeti wa Pili

Mara ya kwanza nilipoimba redioni, nililipwa kwa unga. Si kituo kilichonilipa. Ni jirani yangu hapa Tawa, mama tunayesali naye kanisa moja. Alikuja jioni ileile na pakiti mbili za unga wa mahindi na blanketi, akasema amenisikia, akalia kidogo. Kisha akaniwekea mkono kichwani na kuyaombea macho yangu, kama anavyofanya kila akitaka kuondoka kwangu.

"Na wimbo je, uliuonaje?" nikamuuliza.

"Wimbo gani?"

Nilishukuru kwa unga kwa sababu nililelewa vizuri. Lakini moyoni nilipandwa na mori.

Mimi sioni tangu utotoni, na ninapiga gita. Mwenzangu ni mtu wa Kathonzweni, anatembea kwa kiti cha magurudumu, anapiga ngoma. Wimbo wenyewe ni wa mume aliyetumwa na mkewe kupeleka mbuzi sokoni Mukuyuni, arudi na mahindi. Ubeti wa kwanza anaondoka nyumbani, anasifiwa. Ubeti wa pili anarudi amevaa kofia mpya, mahindi hakuna, na mkewe anamwambia maneno. Asiyesikia ubeti wa pili hajasikia kitu. Amesikia tu kwamba kuna mtu na mbuzi.

Sasa kituo kimoja cha pale mjini Kitui, kinachotangaza nusu Kikamba nusu Kiswahili, kilikuwa kimeanzisha kipindi cha wasanii wenye ulemavu, saa nzima kila Jumamosi. Tukaitwa. Tulipofika tukaambiwa studio iko juu, ngazi ishirini na kitu. Mwenzangu akaachwa chini na bawabu na ngoma yake mapajani. Mimi nikashikwa mkono nikapandishwa, gita bila ngoma, ugali bila mboga.

Na mtangazaji akafungua maiki akasema: "Wasikilizaji, kipofu chetu kimefika!"

Kimefika. Kama kiti. Kama kifurushi kutoka Machakos.

Akaniuliza nilipofuka vipi. Akauliza nani hunipikia. Nikaimba ubeti wa kwanza, na nilipokuwa navuta pumzi ya ule wa pili akanikatiza. Akawaomba watu wenye moyo mwema watume chochote, nguo, chakula, chochote. Nikasema, "Lakini wimbo haujaisha." Akacheka, akasema muda umetubana. Muda wa kuuliza nani hunipikia ulikuwepo.

Baada ya mwezi akanipigia simu. "Mwaitu, watu walikupenda sana. Rudi." Huyu kijana ana adabu, ananiita mama kwa Kikamba, siwezi kumnyima hilo. Mgala muue na haki yake mpe. Nikamwambia nitarudi kwa masharti matatu: mwenzangu apige ngoma, wimbo uimbwe mpaka mwisho, na ile ki yake aiache nyumbani.

"Ki gani, mwaitu?"

"Kipofu kimefika."

Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo sijui nicheke au nimtukane. "Lakini si ndiyo sanifu? Kitabu kimefika, kipofu kimefika. Nilikuwa najitahidi."

Kumbe! Huyu mtu mtaani anasema "hiyo kitabu imepotea" kama sisi sote, hakuna anayemuuliza. Akikaa mbele ya maiki anakivaa Kiswahili kama koti la harusi, na siku hiyo alikuwa amefunga vifungo vyote. Alinifanya kitu kwa heshima kabisa. Nikamweleza kwamba mimi sarufi niliisoma kwa vidole, nukta kwa nukta, katika shule ya wasioona, na mwalimu alitufundisha kwamba kipofu anafika kama waziri anavyofika. Amefika. Na kama hilo ni gumu, aseme mpiga gita.

Tukarudi. Ngazi ziko palepale. Mtangazaji akashuka na vijana wawili, akasema watambeba mwenzangu na kiti chake. Mwenzangu aliwahi kubebwa hivyo kwenye mkutano wa injili, wakamwangusha mbele ya madhabahu, na watu wakadhani ni mapepo yanatoka.

"Mimi si gunia la ndengu," akasema. "Sipandi."

Mtangazaji akanigeukia. "Basi twende sisi, mwaitu, saa imefika."

"Hata mimi sipandi."

Hapo uani fundi wa milango alikuwa akigonga mlango wa chuma. Ndipo fundi mitambo wa kituo akasema taratibu: "Lakini kuna ule waya wa mikutano."

Waya upi? Ule wa maiki unaobebwa wanasiasa wakihutubia uwanjani. Ule wanaoutandaza duka jipya likifunguliwa, tusikie bei ya sabuni moja kwa moja. Waya ulikuwepo. Ulikuwepo hata siku ile mwenzangu alipokaa chini na ngoma mapajani kama mtu anayesubiri mvua. Ulifika uwanjani, ulifika sokoni, ila kushuka ngazi ishirini kwa ajili yetu hakuna aliyeufikiria. Niliwaambia hivyo, wote, kwa sauti niliyojifunza kanisani. Nilisikia miguu ikikimbia juu, kisha waya ukishushwa dirishani ukikwaruza ukuta.

Fundi wa milango aliombwa anyamaze kidogo. Akakataa, ana mteja anayesubiri. Mwenzangu akamwambia, "Basi gonga, lakini usibaki nyuma ya ngoma yangu." Yule fundi akacheka, akaweka nyundo chini.

Bawabu alikuwa na redio ndogo. Kabla haijazimwa isije ikaingia kwenye maiki, nilimsikia mtangazaji kule juu: "Wasikilizaji, ki..." Ulimi ukajikwaa. "Wapiga muziki wetu wamefika."

Tukapiga. Mume akaondoka na mbuzi. Nikavuta pumzi, nikangoja kukatizwa. Hakuna aliyenikatiza. Mume akarudi na kofia, mkewe akasema yake yote, na ngoma ikamsindikiza mpaka neno la mwisho.

Jioni jirani yangu akaja. Nilisikia viatu vyake, nikangoja kitu kiwekwe mezani. Hakuweka kitu. Akavuta kiti.

"Ile ngoma ilikufunika," akasema. "Pale kwa kofia. Sikushika mkewe alimwambiaje."

"Haikunifunika. Redio yako ndiyo mbovu."

"Redio yangu ni nzima. Na huyo mwanamke ulimfanya mpole mno. Mbuzi mzima! Mimi ningemchoma na kofia yake."

"Basi tunga wako."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Alisema gita langu linapenda kujionyesha. Nikamwambia yeye kwaya haimpi hata mstari mmoja aimbe peke yake, na anajua kwa nini. Akasimama akachukua leso yake, akafungua mlango mwenyewe.

Siku hiyo aliondoka amenuna, na hakuniombea.