Karatasi ya Furaha Juu ya Dungu

Kwanza yalikuwa makopo. Kabla sijafungua macho, kabla hata Bibi hajamaliza nyiradi zake za asubuhi, niliyasikia yakigongana kule bondeni kwa Bi Mkunde, jirani yetu wa shamba, ambaye sijui alikuwa analala saa ngapi. Akivuta kamba kutoka juu ya dungu lake, makopo matupu yaliyofungwa kwenye kamba ile yanarukaruka juu ya mpunga na ndege wanatimka. Halafu inafuata sauti yake mwenyewe: “Hoooi! Kwani hamna kwenu?” Alikuwa anawauliza ndege. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nipo kidato cha kwanza, likizo ya katikati ya mwaka, na nilipelekwa kwa Bibi upande wa Mohoro kumsaidia kuamia ndege mpaka mpunga uvunwe. Harufu ya tope linalokauka chini ya mpunga unaoiva ikinijia puani hadi leo, naona aibu kwanza, mengine yote yanafuata nyuma.

Dungu letu lilikuwa kibanda juu ya nguzo nne, sakafu ya fito, paa la makuti, na ngazi iliyopungua kipago kimoja. Ukikaa juu unaona bonde zima na madungu ya watu wengine, kila moja na mtu wake anayepiga kelele. Na hiyo ndiyo kazi yenyewe, kupiga kelele kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Sasa mimi nilikuwa sipigi kelele. Darasani nilimaliza muhula mzima bila kunyoosha kidole, na mapumziko nilikuwa nakula peke yangu nyuma ya maktaba nikijifanya nasoma. Wenzangu walinibatiza jina la Kimya. Siku ya kufunga shule, mwalimu wetu wa malezi, aliyekuwa ametoka semina, alitugawia karatasi yenye jedwali. Alisema watafiti wamechunguza na kuona kwamba furaha ni mazoea, kama kupiga mswaki. Kila siku uandike mambo matatu mazuri, umshukuru mtu mmoja, umfanyie mtu wema, utembee, ulale mapema, halafu ukae kimya dakika kumi umefumba macho unasikiliza pumzi yako. “Atakayejaza bila kudanganya,” alisema, “muhula ujao hatakuwa huyu.” Nilitaka sana kutokuwa huyu.

Basi nikajaza. Bibi hakujua kusoma maandishi yetu, anasoma ya Kurani tu, na ile kalamu ilimkera. “Unaandika nini, mke mwenzangu? Unanishitaki kwa mume wetu?” Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu, ingawa huyo mume wetu, yaani babu, alifariki kabla sijaanza kutembea. Nilicheka bila kutoa sauti. “Piga kelele basi,” akasema. “Hawa ndege hawaogopi kalamu.” Nilivuta kamba, makopo yakalia, nikaona inatosha. Yeye akashika kiuno na kupiga kelele za watu wawili.

Kwenye kona karibu na mfereji kulikuwa na kipande kidogo ambacho Bibi hakukiacha bila mtu hata kwa kwenda chooni. Ulikuwa mpunga mwekundu, mbegu aliyopewa na mama yake. Kila mwaka alichagua mashuke yaliyoshiba, akayaning'iniza juu ya moto jikoni yapate moshi, wadudu wasiyaguse, na mwaka unaofuata akayapanda yote. Yaani mbegu yote ilikuwa pale shambani. Nyumbani hakikubaki hata kiganja.

Siku ya kumi, alasiri, Bibi alishuka kwenda kutawadha. “Angalia kona,” akaniambia. Nikaitikia. Nikaona bora nimalize dakika zangu kumi, nikafumba macho. Na hapa ndipo panaponiuma mpaka leo, kwamba zoezi lilifanya kazi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze sekondari kifua kililegea, nikaacha kuwaza wenzangu wananisema nini. Nikasikia mvumo laini kama mvua inayokuja kwa mbali, nikajisemea hilo litakuwa jambo zuri la tatu la leo, mvua. Nilipofumbua macho, kona yote ilikuwa ya kahawia na inatikisika. Kwelea kwelea, kundi zima. Nikafungua mdomo nipige kelele, hakikutoka kitu. Nikavuta kamba, ikanasa kwenye nguzo. Nilibaki nimeachama juu ya dungu nikiangalia mbegu ya watu inaliwa, mpaka Bibi alipotokea anakimbia, miguu imelowa, anazungusha kanga hewani.

Alilipitia shuke moja moja. Yalikuwa makapi. Hakunigombeza. Alisema tu, “Rehema, shuka ukale.” Jina langu. Tangu hapo nikawa Rehema tu, na sikujua kumbe jina la mtu linaweza kumchoma mwenyewe. Jedwali niliacha tupu. Niliisoma ile karatasi mbele na nyuma nikiwa na hasira nayo. Ilinifundisha kushukuru na kutenda wema, lakini haikusema popote ufanye nini ukiwa wewe ndiye uliyeharibu.

Nikakumbuka Bibi aliwahi kusema kwamba Bi Mkunde, mwaka mafuriko yalipombebea mpunga wake, alichukua mbegu ile ile kwetu. Huenda anayo. Lakini kwenda siwezi, dungu haliachwi. Ilibidi niite. Asubuhi yote nilisimama nikijiambia sasa, sasa, na mdomo hautaki. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya kifaranga. Mara ya tatu ndiyo ikafika.

“Bi Mkundeee!”

“Nani huyo? Ee! Kumbe una mdomo?”

“Naomba mbegu ya Bibi! Nyekundu! Ndege wameimaliza, mimi sikuangalia!”

Halafu mtu kwenye dungu la mbali akacheka, na mwingine akamwuliza amesemaje, akasimuliwa yote. “Ungesema tangu juzi!” Bi Mkunde akanijibu. “Na mimi nilidhani unaringa, msomi!” Wakati wa kuvuna alileta pishi mbili kwenye ungo. Bibi akazipokea, akazichambua kwa vidole muda mrefu. “Umeitangaza aibu yetu bonde zima, mke mwenzangu,” akasema. Sikujua kama amenisamehe au ananisuta. Mpaka leo sijui. Lakini nililisikia lile jina, nikaenda kulia nyuma ya jiko.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alipitisha kalamu juu ya karatasi zetu bila kusoma neno. Siku zangu tupu alizizungushia wino mwekundu akaandika: Jitahidi. Moja ya siku hizo ndiyo niliyopiga kelele. Sikuijaza, kwa sababu kelele hazikuwa na safu kwenye jedwali.

Sasa nina miaka kumi na saba, nakaa bweni hapa Kibiti, na karatasi ya namna ile imebandikwa mlangoni kwetu. Siipingi. Nalala mapema, natembea hadi kwenye mikorosho na kurudi, kweli kichwa kinatulia. Kinachonikera ni kwamba karibu yote yanafanyika ukiwa umefunga mdomo, na huo sikuhitaji kufundishwa. Bibi hapandi dungu tena, magoti yamekataa. Bi Mkunde ndiye anayeotesha mbegu ya wote wawili. Jumamosi matroni hutupa simu kwa zamu. Bibi anaamini sauti lazima ivuke bonde ndiyo inifikie, kwa hiyo anapaza: “Mke mwenzanguuu!” na foleni nzima ya wasichana inaangua kicheko. Miaka yote nimekuwa nikiziba simu kwa kiganja na kunong'ona kwamba sijambo.

Jumamosi iliyopita alisema, “Sikusikii. Upo?”

Nikawatazama wale wanaocheka. Nikafungua mdomo.

“Nipo, mke mwenzangu! Nipooo!”

Matroni akaniambia nishushe sauti. Sikushusha.