Majani ya Mvengi ya Oktavia

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na saba. Hapana, kumi na nane, maana mwaka wa nyuma yake goti langu lilikuwa zima bado, na siku hiyo nilipanda ngazi za maabara pale Njombe nikishika ukuta.

Nilimsindikiza Oktavia, mjane jirani yangu hapa karibu na misheni. Kwa miaka kumi na minne alibeba beseni kichwani kule Makambako, akipita kwenye malori yaliyoegeshwa, akiuza majani makavu ya mvengi, ule mti wa kando ya mto wenye matunda ya zambarau. Madereva waliyachemsha wakanywa kama chai. Miguu yake ilikuwa imevimba. Irine, mwenye duka pale njia panda, alikuwa amemwambia, "Mama, nitakupa rafu nzima, wewe ukae nyumbani. Ila niletee karatasi ya wataalamu inayosema majani yana nguvu gani." Karatasi hiyo ndiyo tuliyoifuata.

Kijana wa maabara, Clemens, alikuwa na adabu. Mwezi mmoja kabla alimwagiza akaushe majani kivulini, asiyaanike juani. Akaletewa, akayaloweka kwenye spiriti, na siku hiyo alituita tuone yanavyopimwa. Alitueleza taratibu kwamba mwili nao hupata kitu kama kutu, na majani mengine huizuia kutu hiyo. Alikuwa na maji ya zambarau kwenye chupa ndogo. Ukiweka dawa ya majani, rangi ikipotea, basi yana nguvu, na mashine inasoma imebaki rangi kiasi gani.

Akadondosha. Zambarau ikafifia tukiangalia, ikawa njano.

"Umeona, Babu Aron?" Oktavia alininong'oneza. "Beseni nawaachia kuku watagie."

Clemens alitazama mashine, akarudia, akarudia tena. Kisha akachukua majani yaliyobaki kwenye mfuko wa Oktavia, akayanusa.

"Mama, haya uliyakaushia wapi?"

"Kivulini, mwanangu, kama ulivyosema. Kwenye uchanja, juu ya moto."

"Juu ya moto?"

"Sasa ningeweka wapi, na ukungu huu wa Juni? Nguo yenyewe siku tatu haikauki. Na jikoni kwangu jua haliingii hata kidogo."

Nilicheka. Clemens naye alicheka kidogo, halafu akakaa. Alisema moshi nao una vitu vya jamii ileile ya kuzuia kutu, unafifisha rangi vilevile. Hajui sasa amepima jani au amepima jiko. Karatasi hawezi kuandika. Angemwambia alete mengine, lakini mashine ilikuwa ya kuazima na kesho yake inarudishwa.

Oktavia aliyarudisha majani mfukoni. Alifunga mfuko wake kwa uzi, tukashuka ngazi. Jumatatu alikuwa Makambako, kwenye malori. Alitembea hivyo miaka mitatu mingine, mpaka miguu ikakataa. Sasa anakaa tu mlangoni kwake, nami nikipita namsalimu kamwene, anaitikia bila kuinuka.

Mimi swali langu nilimuuliza Clemens siku ileile, akaendelea kuosha chupa. Nimemuuliza mwalimu, nimemuuliza na padri. Madereva wote wale, miaka yote, walikunywa majani ya uchanjani, na moshi wake. Sasa hilo jani lisilo na moshi, ambalo hakuna mtu amewahi kulinywa, lilikuwa linapimwa kwa ajili ya nani?