Punda Wasio na Mwenyewe

Harufu ya mavi ya punda yaliyopigwa na jua si ya kutamaniwa, lakini Bibi aliivuta puani kama mtu anayenusa pilau. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa ameletwa kutoka Dodoma kunilea nyumbani kwetu Crystal, mji wa ughaibuni wenye baridi kali, maana wazazi wangu walishinda kazini asubuhi hadi jioni. Kabla hajaja, nilikuwa nikitoka shule nafungua mlango mwenyewe, napasha chakula mwenyewe, nawasha televisheni ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Alipokuja nikapata wa kunisubiri. Ila majira yote ya baridi hakucheka. Alikaa dirishani na makoti mawili, akitazama theluji na kuzungumzia kurudi kwao. Niliogopa kuondoka kwake kuliko kitu chochote.

Ndiyo maana baba, shule zilipofungwa mwezi wa tatu, alitupeleka Arizona kuota jua, katika mji mdogo wa jangwani ambako punda huzurura barabarani watakavyo. Tuliposhuka tu garini, Bibi akacheka. Kwao punda walimbebea maji tangu usichana wake, akawa anawasemesha Kigogo na kuwakuna masikio. Nikajiambia, huyu sasa atabaki. Kisha punda mmoja mwenye kovu shingoni akaanza kumfuata. Kwao mnyama aliyepotea hufungwa na kutangazwa mpaka mwenyewe apatikane, basi Bibi akavua kanga ya begani, akamfunga punda kwenye nguzo ya duka, akanituma nikaulize. Watalii wakapiga picha. Baba akajifanya hatujui.

Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, aliniambia kwamba punda wale hawana mwenyewe. Wachimbaji dhahabu wa zamani waliwatumikisha, na dhahabu ilipokwisha wakaenda zao. Nikamtafsiria Bibi kwa Kiswahili changu cha kuokoteza.

"Wakawaacha tu?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Na wakiumwa, nani anawatafuta?"

Bibi akafungua kanga taratibu, akakaa kwenye ngazi ya duka, akalia waziwazi huku watu wakipita na aiskrimu zao. Tulipokuwa garini akamwambia baba, "Mwanangu, nirudishe nyumbani. Sitaki kufia mahali ambapo hakuna wa kuniulizia." Baba akaanza kutafuta tiketi.

Bibi aliondoka wiki chache baadaye, theluji ikiwa bado haijaisha. Nilimkasirikia, tena kwa miaka. Mwanamke aliyewalilia punda asiowajua alishindwaje kuona kwamba ananiacha mimi na ufunguo wangu? Alipofariki, shangazi alitueleza kwamba kijiji kizima kilifika mazishini, hata waliogombana naye. Alipata alichokitaka, na hasira yangu ikaisha hapo.

Wazazi wangu nao wamestaafu na kurudi Dodoma. Mimi nimebaki, nina kazi nzuri na nyumba katika mji wa Champlin, si mbali na Crystal, karibu na mto, yenye vyumba vingi kuliko ninavyohitaji. Majira ya baridi yaliyopita niliteleza kwenye barafu nikavunjika mkono. Hospitalini nesi, binti mpole, aliniuliza ampigie nani simu aje kunichukua. Nikapitia majina yote kwenye simu yangu kwa mkono mzima. Mwishowe nikamwomba aniitie teksi.