Filimbi ya Mjomba Refa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mjomba wangu, refa wa mtaa, ni kwamba alinikonyeza. Kumbe alikuwa anapepesa tu, ila jicho la kulia limegoma kufumba na mdomo umepinda. Daktari alisema si kiharusi. Neva ya uso imevimba. Akampa vidonge, matone ya jicho na mazoezi ya mashavu.

Lakini fainali ni Jumamosi, na akipuliza filimbi hewa inavujia pembeni.

"Hiyo filimbi au tairi la baiskeli?" mkewe alimtania.

"Usinichekeshe, mama watoto. Nacheka nusu!"

Jana alibana shavu kwa kidole, filimbi ikalia, paka akatimka. Manahodha wameshaonywa kwamba kukonyezwa na refa si upendeleo. Sasa mtaa mzima unaisubiri Jumamosi.